Picha, Shairi na Kibuyu: Namna ya Kuukumbuka Mji Unaobadilika

Wahenga walisema, "Mla ni mla leo, mla jana kala nini?" Methali hii hutumiwa kuwahimiza watu washughulikie mambo ya siku iliyopo, na kwa kazi ya jembe au ya biashara ni onyo jema. Walakini katika kazi ya historia methali hii yapasa kujibiwa. Mtu akiulizwa jana alikula nini asiweze kusema, si kwamba jana haikuwapo, bali ameipoteza. Mji nao huweza kuipoteza jana yake kwa namna hiyo hiyo, hata watoto wake wakatembea juu ya ardhi ya babu zao kama wageni wapitao njia.

Katika insha hii nataka kuzungumza habari za miji miwili jirani, Thika na Ruiru, iliyoko kaskazini mashariki ya Nairobi katika Kaunti ya Kiambu, na habari za vyombo viwili viwezavyo kuitunzia kumbukumbu zake, yaani picha na shairi. Nitajaribu kuonyesha kwamba kila kimoja, kikiachwa peke yake, huweza kutupoteza. Bali vikiwekwa pamoja, kimoja humsahihisha mwenziwe. Sina budi kuanza na kosa langu mwenyewe, maana kosa hilo ndilo lililonifundisha.

Nyanya yangu, aliyenilea Ruiru, alikuwa na kopo kuukuu la biskuti alimoweka vitu vyake vya thamani: cheti cha ubatizo, stakabadhi za zamani, na picha moja isiyo na rangi. Katika picha hiyo wanawake wanne wamesimama katikati ya safu mbili za mibuni, kila mmoja na debe lake miguuni. Nyanya ni wa pili kutoka kushoto. Wote wamejifunga vitambaa safi kichwani, na mmoja wao, aliye mwisho upande wa kulia, anacheka mdomo wazi. Nyuma ya picha hapana hata neno moja. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilikusudia kumwuliza nyanya wale watatu walikuwa nani, picha ilipigwa mwaka gani, na ni nani aliyeshika kamera. Nilijiambia kwamba nitamwuliza wakati wa likizo. Likizo haijafika, nyanya akafariki. Picha ninayo hata leo, nayo haikufifia sana. Lakini wanawake watatu waliokuwa rafiki zake wakawa wageni nyumbani mwangu. Kamera ilitunza nyuso zao, haikutunza majina yao.

Sasa na tuitazame nchi yenyewe. Ruiru iko umbali wa kilomita 25 hivi kutoka Nairobi, na Thika kilomita 42 hivi, katika njia ile ile moja. Miji yote miwili ni watoto wa mito. Ruiru umepewa jina la mto wake. Thika umesimama mahali ambapo mto Chania na mto Thika hukaribiana na kuporomoka juu ya majabali, kisha hukutana na kwenda pamoja. Maji ya Thika huingia katika mto Tana, na maji ya Ruiru hushuka kuelekea mto Athi. Kwa hiyo mvua inyeshayo juu ya nchi hii ndogo hugawanyika: nyingine hufika baharini karibu na Kipini, na nyingine karibu na Malindi. Nakuomba, msomaji, ulishike jambo hilo la mito, maana tutalihitaji baadaye.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ardhi hii, iliyopakana na makao ya Wakikuyu, ilitwaliwa na serikali ya kikoloni, ikagawiwa walowezi kutoka Ulaya na kwingineko. Hoteli ya Blue Posts ilifunguliwa karibu na maporomoko ya Thika katika mwaka wa 1908. Mwaka uliofuata, 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka karibuni katika urais wa Marekani, alifika kuwinda, akawa mgeni wa mlowezi tajiri William Northrup McMillan katika shamba lake la Juja, lililo kati ya Ruiru na Thika. Pamoja naye alikuwako mwanawe, Kermit, ambaye kazi yake katika msafara ilikuwa kupiga picha. Katika mwaka wa 1913 reli kutoka Nairobi ilifika Thika, na mji ukaanza kukua kwa katani, kahawa na biashara.

Katika miaka hiyo hiyo msichana mdogo aitwaye Elspeth, aliyezaliwa London mwaka wa 1907, aliletwa na kukaa na wazazi wake waliokuwa wakianzisha shamba la kahawa karibu na Thika. Zaidi ya miaka 40 baadaye, katika mwaka wa 1959, alitoa kitabu cha kumbukumbu za utoto wake, kiitwacho The Flame Trees of Thika, kwa sababu ya miti yenye maua mekundu kama moto waliyoipanda nyumbani kwao. Katika mwaka wa 1981 kitabu hicho kilifanywa mchezo wa televisheni huko Uingereza, na jina la Thika likajulikana na watu wengi wasiopata kuliona hata vumbi lake.

Simtaji Elspeth Huxley ili kumlaumu. Aliandika aliyoyaona, na aliandika vizuri. Walakini mwanafunzi wa historia hana budi kujiuliza: je, aliyeyaona alikuwa amesimama wapi? Alikuwa amesimama barazani. Kutoka barazani mchumaji kahawa huonekana kwa mbali, akiinama. Jina lake halisikiki vizuri, na ayawazayo hayajulikani. Ndivyo ilivyo pia kwa picha nyingi za zama zile. Aghalabu tunaona nyumba ya bwana, farasi wa bwana, mnyama aliyeuawa na bwana. Na kando yao, karibu na ukingo wa picha, Mwafrika asiyetajwa jina ameshika hatamu au bunduki ya mwenye safari. Picha haikusema uongo, maana mtu huyo alikuwapo kweli. Lakini imetuficha nusu ya habari.

Nusu iliyofichwa ni nzito. Kwa muda mrefu serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika wa sehemu hizi kujipandia kahawa ya kuuza. Ruhusa ilianza kutolewa katika miaka ya 1930 katika wilaya chache za mbali, kama Kisii na Meru. Kwa Wakikuyu walio wengi, mlango ulifunguliwa hasa katika miaka ya 1950, ulipokuja mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka wa 1954. Fikiri maana yake: mama aliichuma kahawa tangu alfajiri, akaijua rangi ya tunda lililoiva na la lisiloiva, akaujua mti kuliko aujuavyo mwenyewe, lakini akirudi kwake hakuwa na ruhusa ya kuupanda mmoja. Jambo hili huwezi kuliona katika picha ya shamba, hata kama picha ni nzuri namna gani.

Tena yafaa tukumbuke kwamba chombo chenyewe hakikuja mikononi mwa wazee wetu kama rafiki. Sheria ya kipande, iliyotungwa mwaka wa 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwalazimisha wanaume wa Kiafrika kuchukua cheti chenye alama za vidole vyao. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Baadaye, hali ya hatari ilipokwisha kutangazwa mwezi wa Oktoba 1952, Wakikuyu waliokuwa wakifanya kazi katika mashamba ya walowezi katika Bonde la Ufa waliagizwa kupigwa picha kwa ajili ya vyeti vya namna mpya. Wengi walikataa, na wengi wakayaacha mashamba au wakafukuzwa. Kwa mtu wa namna hiyo kamera haikuwa kumbukumbu, ilikuwa kamba. Basi ukimwona mzee anasita kidogo unapomwelekezea simu yako, usimcheke. Mwulize kwanza, naye akikataa, mwache.

Je, kabla ya kamera wazee wetu hawakuwa na njia ya kuunganisha alama ionekanayo kwa macho na neno lisikiwalo kwa masikio? Walikuwa nayo. Miongoni mwa Wakikuyu kulikuwako ushairi uitwao gĩcandĩ. Mwimbaji wake alishika kibuyu kilichotiwa mbegu ndani ili kilie kinapotikiswa, na juu ya ngozi ya kibuyu hicho alichora alama nyingi. Alama hizo zilimsaidia kukumbuka beti zake. Aliimba mafumbo, na mwimbaji wa pili akayafumbua na kumtupia mengine, na watu wakawazunguka kusikiliza. Kibuyu peke yake, bila mwimbaji, kilikuwa pambo tu. Mwimbaji naye, bila kibuyu, angeweza kusahau au kupotoka. Alama ilimlinda neno lisipotee, na neno likaipa alama maana.

Si hadithi ya kale tu. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa karibu na Limuru mwaka wa 1938 na kufariki mwaka wa 2025, aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa muda wa mwaka wa 1978 katika gereza la Kamiti, ambalo haliko mbali na Ruiru. Huko aliandika juu ya karatasi za msalani riwaya ya Kikuyu, Caitaani Mũtharabainĩ, iliyochapishwa mwaka wa 1980. Na alipotaka mtu wa kuisimulia hadithi hiyo ya mambo mapya, ya mabenki na wizi wa wakubwa, alimchagua nani? Alimchagua mwimbaji wa gĩcandĩ. Aliona kwamba chombo cha kale kinaweza kubeba habari za leo.

Wala si Wakikuyu peke yao waliolijua jambo hili. Nilikuomba uikumbuke mito. Maji ya Thika yakifuata Tana hadi mwisho wake hutoka baharini karibu na Kipini, na ng'ambo ya huko viko visiwa vya Lamu. Katika kimojawapo cha visiwa hivyo ulisitawi zamani mji wa Pate, mji wa biashara na utajiri, ambao baadaye ulianguka. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi aliyeishi katika karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19, alitunga utenzi uitwao Al-Inkishafi, ambamo anauonya moyo wake usidanganywe na dunia, na kwa mfano anauonyesha maanguko ya Pate: majumba yaliyokuwa na taa na vyombo vya fahari sasa ni makao ya ndege na popo. Hakukuwa na kamera Pate katika siku zile. Hatuna picha hata moja ya karamu za mabwana wale. Lakini kwa kuwa mshairi alitaja vitu kimoja kimoja, taa kwa jina lake, chumba kwa jina lake, twaweza kuziona nyumba hizo hata leo.

Yatupasa, hata hivyo, kusoma kwa hadhari. Sayyid Abdalla alikusudia kuonya, hakukusudia kuandika historia. Na mwenye kuonya hupenda kuufanya utajiri kuwa mkubwa zaidi ili anguko lionekane kubwa zaidi. Mshairi naye, kama mpiga picha, husimama mahali fulani. Kwa hiyo mafunzo ni mawili: shairi laweza kuuokoa mji uliokufa, na shairi lapasa kuulizwa maswali.

Sasa turudi kwetu. Thika na Ruiru hazikuanguka kama Pate. Zimekua, na kukua nako hufuta alama kama kuanguka. Kampuni ya Kenya Canners, iliyoanzishwa mwaka wa 1948 kutia mananasi katika makopo, ilipita mikononi mwa Del Monte ya Marekani katika miaka ya 1960, na mashamba ya mananasi yakaenea upande wa pili wa Thika. Baada ya Uhuru, mwaka wa 1963, viwanda vya nguo, magari na vyakula viliufanya Thika kuwa mji wa wafanyakazi. Ruiru ulijulikana kwa utafiti wa kahawa, na aina ya kahawa iliyotolewa huko mwaka wa 1985, yenye kustahimili magonjwa mawili makubwa ya mmea huo, ilipewa jina la mji: Ruiru 11. Kisha barabara kuu ya Thika ikajengwa upya kuanzia mwaka wa 2009, ikafunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba 2012, yenye urefu wa kilomita 50 hivi na njia nane katika sehemu zake kubwa. Safari iliyokuwa ya nusu siku ya misongamano ikawa fupi, na watu waliofanya kazi Nairobi wakaja kutafuta viwanja na nyumba Ruiru.

Hesabu yasema waziwazi. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2009 Ruiru ulikuwa na watu zaidi ya 230,000. Katika ile ya mwaka wa 2019 walikuwa zaidi ya 490,000. Katika miaka kumi mji ulijiongeza mara mbili. Mashamba ya kahawa yaliuzwa vipande vipande, na penye shamba moja la ekari kama 5,000 ulianzishwa, tangu mwaka wa 2010, mji mpya uitwao Tatu City. Nyumba za kukaa watu ni jambo jema, wala sitaki mtu yeyote alale nje ili mimi nitazame mibuni. Nasema hili tu: mtoto azaliwaye leo Ruiru aweza kumaliza shule asijue kwamba jina la mji wake ni jina la kahawa ipandwayo mbali na kwao, na kwamba chini ya sakafu ya nyumba yao kulikuwa na safu za miti na nyayo za waliochuma.

Kwa sababu hiyo, mwaka mmoja niliwachukua wanafunzi wangu wa historia tukatembea Ruiru siku nzima, tukiwa na kamera moja, madaftari na kalamu. Niliwaambia kila mmoja achague mahali pamoja papigwe picha, kisha atunge ubeti mmoja wa mizani nane kwa nane juu ya mahali hapo. Walichagua kituo cha reli, daraja la mto, soko, na ua mmoja ambao nyuma yake ilibaki mibuni michache iliyoachwa bila kupogolewa, ikimezwa na majani. Msichana mmoja aliichagua mibuni hiyo, akatunga hivi:

Ruiru ya siku zile, buni ikitanda shamba,
Matunda mekundu tele, matawi yakijipamba,
Wachumaji mbele mbele, wakicheka na kuimba,
Leo ni ndoto za kale, pamesimama majumba.

Wenziwe walimpigia makofi, na mimi nikamsifu kwa vina na mizani yake. Jioni tulikwenda kumwamkia bibi mmoja mzee, mwenye umri karibu na miaka 90, aliyechuma kahawa katika mashamba ya Ruiru tangu alipokuwa msichana. Mwanafunzi akamsomea ubeti wake. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema:

"Mjukuu wangu, umeimba vizuri. Lakini ni nani aliyekwambia kwamba tulikuwa tukicheka?"

Msichana hakuwa na la kujibu. Bibi akatueleza jinsi walivyoamka kabla ya kuku, jinsi umande ulivyowalowesha mpaka kifuani, jinsi vidole vilivyokufa ganzi, na jinsi msimamizi alivyoweza kulikataa debe kwa sababu ya matunda machache mabichi. "Tuliimba, ndiyo," akasema. "Tuliimba ili tusisinzie." Hatukuondoka hapo mpaka msichana alipoketi chini na kuutunga ubeti wake upya, mara hii kwa kinywa cha bibi mwenyewe:

Ruiru ya siku zile, tuliamka na giza,
Kulijaza debe lile, mikono tukiumiza,
Mti wa mabwana wale, kwetu wakaukataza,
Tuliimba tusilale, si furaha ya kucheza.

Linganisha beti hizi mbili, ewe mwanafunzi. Ya kwanza ilitungwa kwa kutazama miti iliyobaki. Ya pili ilitungwa kwa kumwuliza aliyekuwapo. Ya kwanza ni tamu, na utamu wake ndio hatari yake, maana mji unapobadilika upesi sisi sote hupenda kuyapaka sukari yaliyopita. Tunasahau kwamba kilichotoweka hakikuwa chema chote. Na mtu asahauye taabu ya waliomtangulia amewaibia mara ya pili.

Hapo nilidhani somo limekwisha. Nikaitoa picha ya nyanya yangu, niliyokuwa nimeichukua katika bahasha, nikamwonyesha bibi ili aone mibuni ya siku zake. Aliisogeza karibu na mlango penye mwanga, akaitazama kwa muda, na ghafula akaanza kucheka yeye mwenyewe. Akaweka kidole juu ya yule mwanamke wa upande wa kulia. "Huyu! Huyu alikuwa hawezi kuacha kucheka hata mvua ikitunyeshea." Akamtaja jina lake. Kisha akavitazama vile vitambaa safi vya kichwani, akasema, "Hii ilikuwa siku ya mshahara. Siku nyingine zote hatukuvaa hivi."

Basi msichana akaniangalia, na mimi nikamwangalia. Ubeti wake wa kwanza haukuwa uongo mtupu, kwani walicheka. Walicheka siku ya mshahara, na mmoja wao alicheka siku zote. Neno la bibi lilikuwa limelisahihisha shairi, na sasa picha ikalisahihisha neno la bibi. Bila picha tungesema kwamba wanawake wale walikuwa taabu tupu, wasio na vitambaa vizuri wala mzaha. Na hilo nalo lingekuwa kuwanyima nusu ya utu wao. Bila bibi, picha ingetwambia kwamba kila siku ilikuwa ya mshahara. Nilikopa penseli hapo hapo, nikaandika nyuma ya picha jina la yule aliyecheka. Wawili bado hawana majina, kwa maana bibi hakuwajua, nami sijampata mwingine wa kuniambia.

Kutokana na siku ile niliwawekea wanafunzi wangu kanuni chache, nami nazitoa kwako uzitumie katika mji wako, uwe Thika, uwe Kisumu, uwe Tanga.

Kwanza, usipige picha bila kuandika. Andika tarehe, mahali, majina ya waliomo kama wamekubali, na jina la aliyepiga. Picha isiyo na maneno haya baada ya miaka 50 itakuwa kama barua isiyo na anwani. Na kama imo katika simu peke yake, ichapishe moja juu ya karatasi, kwani simu huibwa na huharibika.

Pili, simama mahali aliposimama mwingine. Ukiipata picha ya zamani ya kituo cha reli au ya daraja, itafute sehemu aliyosimama mpiga picha wa kwanza, upige yako kutoka hapo hapo. Utajifunza kilichoongezeka na kilichoondoka, tena utajifunza alichokuwa amekipa mgongo.

Tatu, tafuta ukingo wa picha. Jiulize ni nani amekatwa nusu, ni nani hakuitwa asimame katikati, na ni kazi ya nani iliyoifanya nyumba ile ing'are. Mara nyingi historia ya mji wako imo ukingoni.

Nne, tunga shairi baada ya kuuliza, wala si kabla. Taja vitu kwa majina yao, kama Sayyid Abdalla alivyofanya: debe, umande, kitambaa, daraja. Kisha msomee mtu aliyekuwapo, nawe uwe tayari kufuta. Mizani iliyokosewa hurekebika. Ukweli ukikosewa na kuimbwa vizuri, huenda ukaimbwa hivyo daima.

Tano, na hili ndilo kubwa, usingoje likizo. Wazee wanaoikumbuka Thika ya wakati wa walowezi na Ruiru ya kahawa wamebaki wachache, na kila mwaka hupungua. Barabara zitangoja, maana zimejengwa kwa saruji. Nyanya hangoji.

Methali tuliyoanza nayo yauliza, "Mla jana kala nini?" Ni swali, nasi tumezoea kulisema kana kwamba halina jibu. Lina jibu, ila halipatikani kwa mtu mmoja. Sehemu moja imo ndani ya kopo la biskuti nyumbani kwenu, na sehemu nyingine imo kinywani mwa jirani aliye mzee. Wazee wetu walikiunganisha kibuyu na wimbo ili sehemu hizo zisiachane. Leo jioni, ukirudi kwenu, omba kuonyeshwa picha ya zamani kuliko zote iliyomo nyumbani. Igeuze utazame nyuma yake. Ukikuta ni tupu, chukua penseli ukaanze kuuliza.